Pua Ikiziba: Maji ya Chumvi Yaliyopimwa

Somo letu la leo linahusu pua iliyoziba. Mtu mzima akiziba pua husumbuka, lakini hulala mdomo wazi na kukakucha. Kwa mtoto mchanga shida ni kubwa zaidi. Yeye hajazoea kupumua kwa mdomo. Akishika titi anakosa hewa, analiachia, analia, anashika tena. Usiku mzima ni hivyo, na asubuhi mtoto hajashiba.

Msaada wa kwanza wa pua ya namna hii ni maji ya chumvi. Madukani huuzwa katika vichupa vya kupulizia puani. Nyumbani pia tunaweza kuyatengeneza.

Tuanze na watu wa Mbezi Beach, katika wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Kwao maji ya chumvi hayatafutwi. Bahari ya Hindi iko karibu, na visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi. Miezi ya Juni na Julai baridi huingia na mafua huja nayo. Basi mtu aweza kusema, "Ya nini kuhangaika na kijiko na sufuria? Nitachota ya kisimani nipandishe puani." Tumjibu kwa hesabu.

Maji yaliyomo mwilini mwetu yana chumvi. Onja machozi utajua. Kipimo chake ni karibu gramu 9 katika lita 1. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi katika lita 1. Gawanya 35 kwa 9, utapata karibu 4. Basi chumvi ya bahari ni mara nne ya ile ya mwili, nayo huchoma na kukausha pua. Maji matupu nayo huwasha, kwa sababu hayana chumvi. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hili, maana hupandisha maji puani wanapotawadha. Yakipita kiasi, mtu hutoka machozi.

Na maji ya kisima je? Hayo hatujui chumvi yake ni kiasi gani. Kisima hiki si sawa na kile. Tena kisima kikiwa karibu na choo, maji hubeba vijidudu. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inayobaki huwa kali zaidi. Kwa hiyo tutumie maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, na tuyachemshe.

Kuchemsha si jambo la kupuuza. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Mlikuwa na kijidudu kiitwacho amiba. Mtu akikinywa hakimdhuru, lakini kikipita puani hupanda hadi kwenye ubongo. Ni jambo la nadra sana, ila moto na sufuria hulimaliza kabisa.

Haya, tutengeneze. Chemsha maji yatokote dakika moja au zaidi, kisha yafunike yapoe. Pima nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji. Tia chumvi safi laini ya pakiti, kijiko kimoja cha chai kisichofika ukingoni. Hiyo ni karibu gramu 5. Chumvi ya mawe tuiache, maana kijiko chake hakipimi sawa na mara nyingi ina mchanga. Koroga, kisha onja. Yawe na ladha ya machozi. Yakiwa makali kama mchuzi uliozidi chumvi, mwaga uanze upya. Yatumie siku hiyo hiyo, na kesho utengeneze mengine.

Mtu mzima ainamishe kichwa kidogo na kupuliza mara mbili kila tundu. Mdomo wa kichupa uelekee upande wa sikio, si katikati ya pua. Angoje kidogo, kisha apenge polepole, tundu moja moja. Mtoto mchanga alazwe chali, adondoshewe matone mawili kila tundu, kwa kichupa safi cha kudondoshea. Subiri dakika moja, kisha futa kamasi kwa pembe ya kitambaa safi. Fanya hivyo robo saa kabla ya kumnyonyesha. Usimfyonze kamasi kwa mdomo, na usimtie puani mafuta wala dawa ya kuchua. Kila mtu awe na kichupa chake.

Maji haya hayaui mafua. Kazi yake ni kulainisha kamasi na kuosha vumbi, ili pua ipitishe hewa mpaka mafua yaondoke yenyewe.

Sasa kusoma kwetu kutusaidie. Dukani kuna vichupa viwili vinavyofanana. Kimoja kimeandikwa Sodium Chloride 0.9%. Hicho ni maji ya chumvi, na ile 0.9 ni zile gramu 9 zetu katika lita. Kingine kimeandikwa Xylometazoline au Oxymetazoline. Hicho ni dawa ya kunywesha uvimbe wa ndani ya pua. Huzibua upesi kweli, na watu hukipenda, lakini ukikitumia zaidi ya siku 5 pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Mtu hununua kingine, na kingine tena. Mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa mganga, wala mwenye shinikizo la damu. Soma jina kabla ya kulipa.

Mtoto akiziba tundu moja tu, na likatoa usaha unaonuka, huenda ametia harage au ushanga. Usichokoe. Mpeleke zahanati.

Tena mhesabu mtoto pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima ya saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, hiyo yaweza kuwa nimonia. Acha kichupa hapo hapo umpeleke kituo cha afya, hata kama ni usiku.