Utafiti wa kuzungumza pamoja

Ndugu wazazi na viongozi wa kambi, watafiti wengi wanakuja na karatasi ya maswali, wanaandika, wanakwenda. Walichoandika hamkioni. Kuna njia nyingine: mtafiti na wenyeji wanazungumza kwa muda mrefu, wanatafuta maana pamoja, na andiko lenyewe wanalipitia pamoja. Inachukua muda, ni kweli.

Mfano uko hapa kwetu Kongo. Mjini Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100, Lumumba na kujitenga kwa Katanga vikiwemo. Juu ya picha hizo waliketi wawili, wakazungumza Kiswahili cha mji huku kinasa sauti kikifanya kazi. Mchoraji hakuwa mtu wa kujibu tu. Yeye ndiye aliyeisimulia historia kwa mpango wake. Kitabu kilitoka mwaka 1996, na mazungumzo yao yamo.

Basi mtafiti akifika kambini, mwulizeni kwanza: mtatusomea tena kwa lugha yetu? Mama akisema, “Sikusema hivyo”, mtasahihisha? Kwa waliokimbia vita jambo hili ni zito, kwa sababu jina la shahidi likibaki kwenye karatasi linaweza kuhatarisha jamaa yake yote. Tena, mazungumzo yasiwe ya wazee peke yao. Mbele ya chefu, wajane na vijana mara nyingi hunyamaza; wapewe siku yao na mahali pao.