MTAZAME MBUZI WAKO KILA SIKU



Watu wengi husema, "Shamba langu ni dogo, siwezi kufuga." Sivyo. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mashamba ni madogo na yapo kwenye miteremko. Hata hivyo wako wakulima wanaofuga mbuzi wa maziwa. Asili ya mbuzi hao ni mbuzi walioletwa nchini kutoka Norway katika miaka ya 1980. Mbuzi wanakaa bandani, majani wanaletewa.

Lakini mbuzi wa bandani hawezi kujitafutia. Chakula chake, maji yake na uzima wake vimo mikononi mwako. Kwa hiyo leo tujifunze kazi moja isiyotaka fedha. Kazi hiyo ni kumtazama.

Yaliyonipata mimi

Mbuzi wangu wa kwanza nilimnunua kwa fedha za mahindi. Watoto wakawa wanapata maziwa. Asubuhi moja ya masika nilikata majani machanga ya maharage, yamelowa umande. Nikayatupa bandani mengi, nikakimbilia shambani. Niliporudi jioni mbuzi amekwisha kufa. Tumbo limevimba kama ngoma. Kumbe lilijaa gesi!

Bibi mmoja jirani alikuja kutupa pole. Akaniuliza, "Mwanangu, majani ulimpa. Je, ulimtazama?" Sikuwa na jibu. Watoto walirudia uji mtupu.

Jinsi ya kutazama

Asubuhi na jioni, kabla ya kuwapa mbuzi majani, simama kimya karibu na banda. Kisha tazama mambo haya:

1. Kula. Mbuzi mzima huja upesi akiona majani. Anayejitenga na wenzake ana jambo.

2. Kucheua. Mbuzi aliyeshiba hupumzika akicheua. Asipocheua, mwangalie vizuri.

3. Ubavu wa kushoto. Ukivimba na kukaza, tumbo limejaa gesi. Acha kumpa majani. Msimamishe, mwite mtaalamu wa mifugo saa ile ile. Usingoje kesho.

4. Kinyesi. Kiwe punje punje. Kikiwa kama uji, anaharisha.

5. Jicho. Vuta ukope wa chini polepole. Ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe, damu imepungua, na mara nyingi sababu ni minyoo.

6. Miguu. Je, anachechemea? Kwato zimerefuka? Zikirefuka, zikatwe.

Kinga ni bora kuliko tiba

Majani machanga ya maharage na kunde yaanike kwanza yanyauke. Mpe kidogo, na kabla yake mpe nyasi kavu.

Mbuzi mwenye uzito wa kilo 40 hutaka kama kilo 4 za majani mabichi kwa siku, au zaidi akiwa na maziwa. Basi kabla ya kuongeza mbuzi, hesabu majani utakayopata kiangazi, si masika. Maji safi yawepo siku zote. Sakafu ya banda iinuliwe kwa mbao au fito, ili kinyesi kianguke chini na mbuzi walale pakavu. Kinyesi hicho ni mbolea ya bustani yako.

Tena, usifuge mbuzi mmoja peke yake. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hulia na kuhangaika. Anza na wawili.

Faida nyingine

Sasa nina mbuzi wawili. Jioni tunakaa karibu na banda, mimi, mke wangu na watoto. Tunawajua kila mmoja kwa sauti na kwa tabia. Uchovu wa shamba unapungua, bwana!

Siku moja mtoto wangu mdogo akasema, "Baba, huyu leo hakuja kula." Nikavuta ukope, peupe. Mtaalamu wa mifugo akaja, akampa dawa ya minyoo. Mbuzi huyo yu hai. Tena ana mimba, nasi tunahesabu miezi mitano azae.

Mtoto hakusoma dawa. Alitazama tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mbuzi wa kwanza wa mwandishi alikufa?
2. Ukope mweupe unaonyesha nini?
3. Kwa nini tunahesabu majani ya kiangazi na si ya masika?
4. Leo asubuhi, wewe umetazama nini bandani kwako?