Lukemia iliyorudi baada ya kupandikizwa uboho

Swali: Mwanangu wa miaka 9 ana lukemia ya ALL, aina ya seli B. Alipandikizwa uboho, sasa ugonjwa umerudi. Kuna tiba tena?

Jibu: Pole sana, mama. Ipo, ingawa njia ni ngumu. Muulize daktari kama seli za saratani bado zina alama ya CD19, na umepita muda gani tangu upandikizaji. Ugonjwa ukirudi ndani ya miezi michache, hali huwa nzito zaidi, na mwili mara nyingi haujawa tayari kupandikizwa tena.

CD19 ikiwepo, kuna dawa ya blinatumomabu, dripu inayoingia mfululizo kwa siku 28, au CAR-T: seli za kinga za mtoto hutolewa, hubadilishwa maabara ziweze kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha CAR-T mwaka 2017. Siku za mwanzo za tiba, homa inaweza kupanda sana na presha kushuka, hivyo mtoto huangaliwa kwa karibu usiku na mchana. Wengine hupandikizwa tena baadaye.

Ombeni pia tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu, tangu sasa, hata mkiwa bado mnapambana. Maumivu ya mtoto yasisubiri.