Akusomee Ukichambua Mchicha

Mama Wawili wa Morogoro,

Katika barua yako ndefu, lililonigusa zaidi ni sentensi uliyoiandika mwishoni kama vile unainong'ona: kwamba uliishia darasa la saba, na unaona haya kukaa na binti yako kwenye kitabu asije akakupita mbele ya macho yako.

Acha akupite, dada. Hutakiwi kumfundisha, unatakiwa kumsikiliza. Jioni ukichambua mchicha, akae hapo jikoni akusomee kwa sauti dakika kumi na tano. Akikwama, mpe nafasi kidogo. Akishindwa, mtajie neno aendelee. Neno msilolijua nyote wawili aliandike, kesho amuulize mwalimu.

Unasema anamaliza ukurasa mzima, ukimuuliza umesema nini, anakutazama tu. Huo si ujinga. Mtoto anayeunganisha silabi moja moja, akili yake yote huishia kwenye herufi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake keshausahau. Tuisheni ya maswali na majibu haiondoi tatizo hilo. Linaondoka kwa kusoma maneno mengi kila siku, mpaka jicho lilitambue neno zima kwa mara moja. Kwa hiyo akitaka kurudia hadithi ileile mara ya nne, mwache, wala usimwite mvivu.

Shemeji anataka vitabu vya Kiingereza tu, kwa kuwa sekondari ni Kiingereza. Hofu yake naielewa, ila hapa simuungi mkono. Mtoto anayesoma Kiswahili bila kukwama keshajua kusoma. Kilichobaki ni kujifunza lugha ya pili. Wako bado anahangaika na kusoma kwenyewe, halafu aongezewe na lugha ngeni? Tena upimaji wa darasa la nne uko mlangoni, na hata swali la hisabati lenye maelezo halijibiki kwa asiyeelewa anachokisoma.

Kuhusu pesa za vitabu: ulizeni maktaba ya mkoa. African Storybook nao wana hadithi fupi za picha kwa Kiswahili, bure, zinazopakuliwa kwenye simu (ya shemeji ipate kazi ya maana jioni). Hekaya za Abunuwasi zitamfaa, kwa kuwa ni fupi na zinachekesha. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert ingoje; Kiswahili chake kitamwelemea kwa sasa. Na mdogo wake wa chekechea asifukuzwe. Dada mtu akipata msikilizaji asiyemsahihisha, atasoma kwa madaha.

Hadithi ikiisha, usimtungie mtihani. Muulize tu angekuwa yeye angefanyaje.

Ila kabla ya yote hayo, umeandika kwa kupitia tu kwamba kitabu hukisogeza karibu kugusa pua. Wiki hii mpeleke hospitali akapimwe macho.