Mtoko na Watoto Dar, Bila Kutoboa Mfuko

Jumamosi asubuhi, chai haijaisha, swali limeshafika mezani: "Mama, leo tunakwenda wapi?" Wangu wana miaka minne na tisa, na mshahara haujui kwamba leo ni Jumamosi. Lakini Dar es Salaam ina bahari na pantoni, na mtoto hahitaji zaidi ya hapo kufurahi. Haya ndiyo tunayofanya sisi.

1. Panda pantoni kwa ajili ya kupanda pantoni

Sisi wakubwa tunavuka Magogoni kwenda Kigamboni huku tukiwaza foleni. Mtoto anaona mlango wa chuma ukishushwa, magari, pikipiki na mikokoteni vikiingia pamoja na watu, maji yakichemka nyuma ya chombo. Ukibahatika, meli ya makontena inaingia bandarini na mnaitazama kwa chini kama jengo linalotembea. Kuvuka ni dakika chache, nauli ni ndogo, na wanangu wakifika ng'ambo wanataka kurudi ili wapande tena. Nendeni saa tatu au saa nne asubuhi, na mshike mkono mtoto wakati wa kushuka, maana hapo watu husukumana.

Mkirudi, soko la samaki la Feri liko jirani. Waacheni wamwone pweza, taa na kolekole kabla hawajawa mboga. Vaeni viatu vya kufunika vidole, sakafu huloa.

2. Tazama mwezi kabla ya kwenda Coco Beach

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, hapa kwetu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Miamba hubaki wazi, na kwenye vidimbwi mnakuta kaa, konokono na samaki wadogo kama kidole. Watoto watachutama hapo saa nzima bila kuulizia simu yako.

Kumbuka kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo saa ya wiki iliyopita haikusaidii. Waende na malapa, kwa sababu ya miiba na miamba mikali. Kila walichokiokota kikiwa hai kirudi majini. Na maji yakianza kujaa, tokeni kwenye miamba mara moja. Bahari haimsubiri mtoto amalize kuchezea kaa wake. Baada ya hapo ni mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili pembeni.

3. Kila mtoto na hela yake

Mpe kila mmoja Sh1,000 mkononi tangu nyumbani. Ubuyu, koni au kashata, aamue mwenyewe, ikiisha, imeisha. Kwetu kulilia vitu njiani kulipungua siku ile ile.

4. Makumbusho mawili, siku mbili tofauti

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana magari ya zamani aliyotumia Mwalimu Nyerere, na habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Chagueni vyumba viwili tu, kisha mtoke mkapumzike chini ya miti.

Kijiji cha Makumbusho, huko Kijitonyama, ndicho chenye raha zaidi kwa wadogo, kwa sababu wanaingia ndani ya nyumba zenyewe. Kuna msonge, kuna tembe. Binti yangu aliinama akaingia kwenye tembe la Wagogo, akauliza bibi yake alikuwa anapikia wapi. Tukampigia bibi simu tukiwa humo humo. Alieleza kwa nusu saa, mpaka salio likakata. Anza kwa kuwaambia asili yenu ni wapi, halafu watafute wenyewe nyumba inayofanana. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, kwa hiyo usiogope bei ya kwanza utakayoisoma ubaoni.

5. Treni ya SGR mara moja kwa mwaka

Safari za Dar hadi Morogoro zilianza Juni 2024, nauli ya mtu mzima ya daraja la kawaida ikiwa Sh13,000. Kwa familia si kidogo, ndiyo maana sisi tunadunduliza kwenye kibubu na watoto wanachangia sarafu zao. Kateni tiketi mapema, na waacheni wao wakae dirishani. Milima ya Uluguru ikitokea, huwa hawasikii hata ukiwaita.

6. Chakula kitoke nyumbani

Pesa ya mtoko huishia kwenye chakula kuliko nauli. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chupa za maji zilizolala kwenye friza. Huko mnakokwenda nunueni kimoja tu cha kujifurahisha.

7. Rudini kabla ya saa kumi

Baada ya hapo foleni huanza na watoto hununa. Kwenye daladala mdogo wa kupakatwa huwa halipi, na wangu husinzia kabla hatujafika kituo cha Morocco. Beba kanga ya kumfunika.