Fleti za Pwani: Mafunzo Manne Niliyopata

Wewe unayeanza usanifu majengo bila shaka unataka tuzo. Nami nilizitaka. Haya ndiyo niliyojifunza nikizikimbilia.

1. Urithi si pambo

Ghorofa langu la kwanza Mombasa nililivalisha mlango wa nakshi na matao ya plasta, nikatembea kifua mbele. Mzee mpangaji akaniuliza, "Mwanangu, upepo unaingilia wapi?" Sikuwa na jibu. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe kwa sababu ya joto. Uliza kwanza kitu kilifanya kazi gani, ndipo ukichore.

2. Baraza hupanda ghorofani

Mumbai nilitazama Kanchanjunga, jengo la msanifu Charles Correa lililokamilika 1983: fleti 32 katika mnara wa zege wa mita 85 hivi. Nilitafuta nakshi, sikuona hata moja. Kule upepo wa bahari hutoka magharibi, lakini jua la alasiri na mvua za msimu hupiga upande huohuo. Bangalo za zamani zilijikinga kwa kuzungushiwa baraza. Correa alizipandisha baraza hizo hadi kwenye pembe za mnara, kimo cha ghorofa mbili. Mwaka 1984 alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya RIBA, taasisi ya wasanifu majengo ya Uingereza. Beba akili ya nyumba ya zamani. Sura yake iache.

3. Roshani nyembamba ni stoo

Nilizibana roshani ili sebule ziwe kubwa, ziuzike. Punde roshani zikajaa ndoo na majiko ya mkaa. Wengine wakaziziba kwa vioo. Niliwalaumu wakazi, hadi masika ilipoingia na kulowesha makochi yao. Roshani ienee mkeka, na watu waliokaa juu yake wasilowe.

4. Heshima si ya matajiri pekee

Kanchanjunga ni ya wenye pesa. Lakini Correa huyohuyo alijenga Belapur, Navi Mumbai, nyumba za gharama nafuu zinazozunguka nyua za pamoja. Hazigusani kuta, ili kila familia iongeze chumba ikipata uwezo. Wakazi wamezibadilisha sana, na ndivyo alivyokusudia.

Basi kabla hujashika kalamu, shinda barazani na wazee wa mtaa utakaoujengea. Tuzo ikija, heri. Isipokuja, angalau watu watalala bila feni.