Studio nyuma ya nyumba: mvua na mabati

Swali: Mzee, nakaa Kadutu, Bukavu. Nataka kujenga chumba cha kurekodia muziki nyuma ya nyumba, lakini mvua ikipiga mabati maikrofoni haisikii kitu kingine. Nibandike trei za mayai?

Jibu: Hapana, mwanangu. Trei za mayai hazizuii sauti. Sponji ya godoro nayo hupunguza mwangwi wa ndani tu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Jenga kwa matofali, piga plasta pande zote mbili, weka mlango mzito wenye mpira pembeni. Chini ya mabati tundika dari ya tripleksi tabaka mbili, isiyogusa paa. Hata hivyo mvua kubwa itapenya kidogo. Rekodi sauti za waimbaji mvua ikikatika, au subiri kiangazi, Juni hadi Agosti.

Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, jenereta itakupigia kelele. Afadhali laptopu, betri na inverta.

Kabla ya yote, tazama mteremko. Usikate kilima bila ukuta wa mawe na mfereji wa maji: udongo wa Bukavu huporomoka.